Unga wa Wanja Niliompa Somo Yangu

Kabla sijaanza, naomba mnivumilie. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na tangu hapo kalamu yangu imeandika zaidi orodha za dukani na majina ya marehemu wa kusomewa hitima. Mwandiko wangu umelala upande, na herufi h naisahau panapotakiwa nikaiweka pasipotakiwa. Mjukuu wangu Hamadi amenisahihishia makosa aliyoyaona. Yaliyobaki ni yangu. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Si kwa sababu ya uzee peke yake. Hata nilipokuwa msichana nilikuwa mzito wa kuandika, na mzito zaidi wa kusema, na haya ninayotaka kuyaeleza yalifika yalipofika kwa sababu ya uzito huo wa pili.

Wifi yangu Mwanaisha, mke wa kaka yangu Salehe, alifariki mwaka huu nyumbani kwake Mabawa. Kaka alitangulia zamani. Baada ya arobaini wanawe walifungua sanduku lake ili wagawe nguo, nami nikapewa kanga mbili na kichupa cha wanja, cha kioo cha buluu, chenye kifuniko cha shaba na kijiti chake. Kilikuwa kitupu, kimeoshwa mpaka kinang'aa. Nilirudi nacho nyumbani nimekifumbata. Jioni ile Hamadi, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu, alikuwa amekaa barazani amefungua simu ya mtu, na mbele yake palikuwa na kisahani cheupe, chembamba kuliko ukucha, kimegandishwa juu ya kipande cha shaba. Nikanyoosha mkono nikitazame. "Bibi, kiache hicho," akasema. "Ndicho kinacholia ndani ya simu. Umeme ukikigusa kinatikisika, kinatoa sauti. Lakini kimechanganywa na risasi, ukikivunja ukavuta vumbi lake si kuzuri. Siku hizi wataalamu wanahangaika kutafuta cha namna hiyo kisichokuwa na risasi." Kisha akaniuliza mbona nimekaa chini ghafla. Nikamwambia ni miguu. Sikuweza kumwambia kwamba kitu hichohicho tulikihangaikia sisi katika nyumba ya Ngamiani, Tanga, miaka ya hamsini, mimi na babu yake Salehe, na kwamba risasi yetu niliisaga mimi, kwa mikono hii iliyokuwa imeshika kichupa.

Nilikaa kwa kaka mwaka mmoja, kabla sijaolewa. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake. Kulikuwa na meza ndefu iliyoungua alama za pasi ya kulehemu, rafu za redio zilizotolewa matumbo, na dirisha lililofunguka barabarani ambapo watu waliegemea viwiko wakamsemesha akiwa kazini. Nyuma kulikuwa na chumba chao, kisha changu kilichokuwa pia stoo ya mchele, kisha ua, na mwisho wa ua jiko la makuti lenye mafiga na majiko mawili ya mkaa. Mimi nilikaa jikoni. Mgeni akipiga hodi mlango wa mbele nilikuwa nasikia, lakini siitiki mpaka wifi aitike. Alikuwa akinicheka kwa hilo. "Wifi, siku moja nyumba itaungua," alisema, "nawe utaona haya kutupigia kelele." Alikuwa mjamzito wa mimba yake ya kwanza, mzito na mchangamfu, na akila embe mbichi kwa chumvi na pilipili tangu asubuhi.

Kazi iliyompa kaka jina ilikuwa vichwa vya gramafoni. Gramafoni za umeme za wakati ule zilikuwa na kichwa kinachoshika sindano, na ndani ya kichwa mlikuwa na jiwe dogo la chumvi, si chumvi ya kula. Sahani ikizunguka sindano inatikisika, jiwe linaminywa, na katika kuminywa huko linatoa umeme mdogo ambao ndio unaokuwa sauti ya mwimbaji. Hamadi ananiambia mawe ya namna hiyo huitwa fuwele. Sisi tuliyaita mawe ya chumvi basi. Ubaya wake ni kwamba chumvi ni chumvi. Masika ya Tanga yakiingia, jiwe lililotoka Ulaya safi kama kioo liligeuka uji ndani ya kichwa chake, na mwimbaji akawa kama mtu anayeimba amefunikwa blanketi. Kuagiza lingine kulichukua miezi. Basi kaka alifundishwa kuyaotesha mwenyewe na rafiki yake Bwana Joakim, fundi umeme wa shamba moja la mkonge upande wa Muheza, na kwa kuwa kazi ilitaka sufuria, moto na subira, ikaangukia kwangu.

Nilichemsha maji, nikatia unga mweupe mchachu wanaotumia waoka mikate, kisha magadi kidogokidogo, na sufuria ikafura povu kama ya maharage. Yakitulia nilichuja kwa kitambaa cha bafta, nikayaacha yapoe kwenye bakuli chini ya kiguu cha mtungi, mahali pa baridi kuliko pote katika nyumba. Nilifunga punje moja kwenye uzi nikaining'iniza ndani. Baada ya wiki ilikuwa jiwe la ukubwa wa kidole gumba, lenye pande zilizonyooka ambazo hakuna aliyezinyoosha. Tulilikata kwa uzi uliolowa maji, tukiuvuta huku na huku, kwa kuwa msumeno unalipasua. Vipande viwili vyembamba viligandishwa pamoja, vikavikwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, vikachovywa kwenye nta ya nyuki. Kaka alikuwa akikiweka kipande sikioni kwangu kupitia waya, akakigonga kwa ukucha, nami nikasikia tik. Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba tik ile ilikuwa kitu cha kwanza duniani kilichonifanya nijione nina akili. Wifi yeye alisema, "Mimi nikitia magadi kwenye maharage yanaiva. Mwenzangu akitia magadi anapata taarab."

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Nta haikutosha. Ndani ya wiki moja vilirudi vichwa vinne, na mwenye mkahawa mmoja wa barabara ya kumi na mbili aliegemea dirishani akasema, watu wote wakisikia, "Fundi, uliniuzia jiwe au uliniuzia barafu?" Wakacheka. Kaka naye akacheka, lakini mchana ule hakula, akabaki akifinyanga kipande cha nta. Jumapili Bwana Joakim alikuja na kikapu cha machungwa kama kawaida yake. Tulimpikia wali wa nazi na changu wa kupaka, na mimi nikiwa nyuma ya pazia la mlango nilisikia mazungumzo yaliyotubadilisha. Alisema amesoma katika gazeti la mafundi kwamba Wazungu wanaiacha chumvi. Sasa wanachukua madini ya risasi, wanachanganya na udongo wao, wanaupika kama kigae kwenye moto mkali. Kigae hicho kinaminywa kikatoa sauti kuliko jiwe, na hakijui masika wala kiangazi. "Udongo gani?" kaka akauliza. "Hapo ndipo waliponificha," akasema Bwana Joakim. "Lakini risasi wameitaja." Nikasikia kijiko cha kaka kikigonga sahani, kisha akasema, "Risasi ninayo. Inauzwa sokoni kwa mizani ya dhahabu, wanawake wanapaka machoni."

Alikuwa na maana ya jiwe la wanja. Kila nyumba ya pwani ililijua: jiwe jeusi, zito kupita ukubwa wake, ukilivunja linameta kama fedha. Mafundi wa redio walilijua pia, kwa sababu zile redio ndogo za kusikiliza kwa masikio, zisizotumia betri, zilinasa sauti kwa kipande cha jiwe hilohilo. Kaka alinunua mawe kadhaa makubwa, na kusaga kukawa kazi yangu. Nilipewa kinu kidogo cha chuma. Nilitwanga, nikasaga juu ya bamba la kioo, nikachekecha kwa bafta ileile ya mawe ya chumvi, nikasaga tena, mpaka unga ukawa laini hata ukiushika vidoleni huusikii, unauona tu. Kaka alichanganya sehemu yake na udongo mweupe wa wafinyanzi, akafanya visahani, akavichoma uani huku akivuta mvukuto. Uani kulinuka kama mtu amewasha viberiti mia. Visahani vilitoka vya manjano, vikameta, vikavunjika. Alibadili udongo. Alibadili mkaa. Hakuna hata kimoja kilichosema tik. Wifi alihamishia mkeka wake chumba cha mbele kwa sababu ya ile harufu, akawa anakohoa kidogo na kusema mtoto tumboni anacheza goma.

Mtoto alizaliwa wakati baridi ya kusi ilipoanza, msichana, akaitwa Rehema. Mkunga alikuwa Bi Saumu, mama mtu mzima wa nyumba ya tatu, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa wetu. Siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto na kumpaka wanja, Bi Saumu alikuja na kigae chake chenye masizi. Yeye alitengeneza wanja wa moshi: taa ya mafuta ya nazi inafunikwa kigae, masizi yanakusanywa kwa unyoya. "Huo wa kizamani, Bi Saumu," wifi akamwambia kwa utani. "Sisi hapa tuna msagaji." Akaniita. Nilileta kichupa cha buluu nilichokijaza mwenyewe, unga uliobaki kwenye bamba la kioo, ule laini kuliko wote. Bi Saumu akautia kwenye ncha ya kidole, akaupeleka mwangani. "Mashallah," akasema. "Dukani hauupati huu. Hata Manga kwenyewe sijui." Akaweka kigae chake kando. Akampaka Rehema nyusi, na machoni, na nukta kwenye paji la uso. Watu walinitazama, nami kwa mara ya kwanza kutazamwa hakukunichoma. Tangu siku ile nilimpaka mimi, asubuhi na alasiri, akimaliza kuoga. Wanawake wa jirani walipokuja kumwona mzazi niliwafungia unga kwenye vikaratasi vya sigara, nao wakaniombea mume mwema.

Arobaini ilikuwa karibu kufika alipokuja mtu wa Moa, kijiji cha pwani ya kaskazini, na gramafoni iliyokuwa ikitumia betri ya gari. Alikuwa akiikodisha kwenye harusi, na kichwa chake kilikuwa kimekwisha. Kaka alikuwa na jiwe moja la chumvi lililokauka vizuri, akamwambia asubiri. Mkewe alikuwa pamoja naye, na kitoto mgongoni. Wifi akamkaribisha uani, akamtilia chai, nami nikamkatia mkate wa mchele. Alikuwa msichana karibu rika langu, mwenye mwanya, akiongea kama watu wa kule, maneno yanapanda na kushuka. Akaniuliza jina. Nilipomwambia Mize, akakishusha kitoto, akakilaza mapajani kwangu. "Basi chukua, ni somo yako. Naye ni Mize." Nikakitazama. Kilikuwa na nywele nyingi, na ngumi mbili zilizofungwa kwa nguvu kama zimeshika kitu. Sikujua la kusema, nami huwa sijui, basi nikaingia ndani nikamletea unga wa wanja. Wengine niliwapa kijiko. Somo yangu nilimfungia karatasi nzima. Mama yake akaichomeka kwenye pindo la kanga. "Nitampaka mpaka aolewe," akasema. Chumba cha mbele gramafoni ikaanza kuimba, sauti safi kabisa, mumewe akaita, wakaondoka na lori la alasiri. Jina la mume hatukuliuliza. Alilipa akaondoka, na mtu akilipa palepale kaka alikuwa haandiki.

Rehema alianza kukataa titi siku chache baada ya arobaini yake. Alilia kwa kujikunja, kisha akawa halii. Rangi ikamtoka. Bi Saumu akamkanda tumbo kwa mafuta ya habasoda. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia kombe la kunywa. Degedege ilipomshika, mara ya kwanza, wifi alikuwa amempakata akimwogesha, na nilimwona akikitazama kile kimwili kinavyotikisika bila yeye kutoa sauti, kama mtu anayesubiri mgeni amalize kusema. Hata asubuhi ile nilikuwa nimempaka. Nilidhani akiwa mzuri ataonekana si mgonjwa.

Hospitalini wifi alibaki wodini na mtoto. Daktari alimwita kaka nje kwenye ukumbi, nami nikawafuata kwa sababu nilikuwa na kikapu. Alikuwa na pamba mkononi, imeingia weusi. "Huyu kapakwa nini?" akauliza. Kaka akasema wanja. "Nioneshe." Nikatoa kichupa kikapuni. Alimimina kidogo kwenye karatasi, akainamisha karatasi huku na huku, unga ukameta. "Mmeupata wapi?" "Ni jiwe la sokoni," kaka akasema. "Kalisaga mdogo wangu." Daktari akamtazama mikono, ile mikono yenye makovu ya pasi. "Wewe fundi wa nini?" "Redio. Gramafoni." "Basi jiwe hili unalijua. Ni jiwe la nini?" Kaka akajibu kama mwanafunzi, bila kufikiri: "La risasi." Alipokwisha kulitamka nikaona uso wake unalisikia. Mwaka ule wote neno hilo lilikuwa la karakana, na wanja lilikuwa neno la uani, na hakuna aliyekuwa amevuka mlango nalo. Daktari hakugomba. Alisema mtoto anajifuta macho, anajilamba vidole, unga unamwingia. Na moshi wa uani, tulipomweleza, nao haukumsaidia. Akauliza kama kuna mtoto mwingine aliyepakwa. Kaka akasema hakuna. Nami nilikuwa nimesimama pale, nina ulimi, sikusema.

Rehema alifariki kesho yake baada ya alasiri. Jeneza la mtoto mchanga halihitaji watu wanne. Kaka alimbeba mikononi mpaka makaburini, na wanaume waliompokea kwa thawabu walimpokea hatua chache tu, akamchukua tena. Nyumbani wanawake walikaa kwenye mikeka. Wifi alikuwa ameelekea ukutani. Mimi nilipika uji na kuosha vikombe, na nilipopita karibu yake alinishika mguu, akasema, "Wifi, wewe ulimpenda kuliko mimi." Sijawahi kupigwa na maneno kama yale.

Siku ya nne kaka alichimba shimo nyuma ya choo, akafukia mawe, visahani, kinu na bamba la kioo. Wanja wa majirani niliufuata mlango kwa mlango, nikiwaambia umeingia mchanga, nao wakaumwaga bila kuuliza. Kichupa sikukiona tena mpaka mwaka huu, nikadhani ni kaka aliyekificha au kukitupa. Kisha akaja jikoni, akachuchumaa, jambo ambalo hakulizoea. "Mwana asijue," akasema, yaani mkewe. "Akijua itakuwa kama kamuua yeye." Nikaitikia. "Na yule wa Moa," akasema. Nikamwambia nilimpa karatasi nzima. Akafunika uso kwa kiganja. "Mimi siwezi kumwacha Mwana peke yake. Nenda wewe, Mize. Useme tu asimpake tena. Sababu usiitaje ukiona vigumu. Mtafute mama wa mtoto, umwambie maneno mawili, urudi."

Maneno mawili. Nilipanda lori asubuhi, nikafika jua limepanda. Mbele ya duka palikuwa na wanaume wanne wakifua nazi, makumbi yamerundikana mpaka magotini. Nikasema shikamooni. "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?" "Tanga." "Binti nani?" Nikatazama makumbi. "Unamtafuta nani?" Nilikuwa nimejisemea njia nzima: namtafuta mtu mwenye gramafoni, ana mtoto mchanga, jina lake Mize. Lakini niliona swali litakalofuata, na linalofuata hilo. Una nini naye? Ulimpa nini mtoto wetu? Mmoja wao, mwenye kofia iliyochakaa, akasema, "Huyu kaja kutafuta mchumba, akatupa macho hapa kakuta mapengo matupu." Wakacheka, kicheko cha wema tu, na masikio yangu yakawaka. Nikasema, "Natafuta dagaa." Wakanipa mtoto anioneshe nyumba inayouza.

Nilikuwa narudi na fungu la dagaa nilipoisikia. Ilitoka upande wa minazini, nyuma ya nyumba tatu au nne, sauti ya mwanamke akiimba na ngoma nyuma yake, safi, haina hata ukungu. Nilijua ni jiwe langu. Nililijua kama mama anavyojua kilio. Nilikuwa na uwezo wa kutembea hatua mia, nikaifuata, nikafika mlangoni. Nilisimama njiani na dagaa zangu. Nikajiambia kwamba nyumba iliyofiwa haipigi gramafoni, kwa hiyo mtoto ni mzima. Kisha nikakumbuka kwamba yule mtu anaikodisha, na pale huenda ni harusi ya watu wengine kabisa, na wenyewe wako kwao wameketi kwenye mikeka kama sisi. Lori likapiga honi. Niligeuka. Mpaka leo sijui miguu ile ilikuwa ya nani.

Kaka alikuwa akinisubiri mlangoni. "Umemwona?" Nikasema, "Nimemwona." "Mtoto mzima?" "Mzima. Ananenepa." "Umemwambia?" "Nimemwambia." Alivuta pumzi, akashika mwimo wa mlango, na jioni ile alikula, mara ya kwanza tangu tumzike Rehema. Alikula dagaa wale. Nilimtazama akitafuna, nikawa sina njia tena ya kurudi nyuma.

Hakugusa kigae tena. Alirudi kwenye mawe ya chumvi, nami nikaendelea kuyaotesha mpaka nilipoolewa. Vichwa vya vigae vilipoanza kuletwa kutoka ng'ambo miaka ya baadaye, alikuwa akimuuliza muuzaji, "Ndani mna risasi?" Wauzaji walimwona kachanganyikiwa, kwa kuwa nani anauliza hivyo? Mwingine hakujua, na asiyejua kaka hakununua kwake. Wateja wakaenda kwa mafundi wengine, ambao gramafoni zao ziliimba masika yote. Yeye alifunga karakana akauza viatu. Nikisikia Hamadi akisema leo kuna wasomi wenye mashine wanaotafuta kitu kinachosema bila sumu, natamani Salehe angekuwepo aketi barazani asikilize. Angeuliza tu wametumia udongo gani.

Wifi alizaa watoto watano baada ya Rehema. Hakuna hata mmoja aliyepakwa wanja wa jiwe. Siku ya saba ya kila mmoja alimpeleka mtu kwa Bi Saumu kuomba masizi, na Bi Saumu alipofariki akayatengeneza mwenyewe, na mimi sikuuliza, naye hakueleza. Miezi yake ya mwisho, Mabawa, nilikuwa nakwenda kumkanda miguu. Alasiri moja, nilidhani amelala, akasema macho yamefumbwa, "Wifi, yule somo yako wa Moa, keshakuwa bibi sasa." Mikono yangu ikasimama. Tangu kaka anitume Moa kwa siri, mtoto yule hakuwahi kutajwa kati yetu. "Keshakuwa," nikasema. "Alhamdulillahi," akasema. "Salehe aliponiambia umemkuta mzima, ndipo nilipoweza kuinuka kwenye mkeka. Nikasema basi mmoja amebaki." Akanipapasa mkono. "Endelea, hapo kwenye kifundo." Nikaendelea. Nilikuwa na alasiri nyingi baada ya ile za kumwambia kweli. Nilimkanda, nikamfunika miguu, nikarudi nyumbani.

Sasa wote wawili hawapo, na uongo ule umebaki kwangu peke yangu, na kichupa kilichooshwa kiko dirishani. Ndiyo sababu nimeandika. Kama wewe unayesoma ni Mize, uliyezaliwa Moa au karibu yake katika miaka ile, na baba yako alikuwa na gramafoni ya kukodisha harusini, na mama yako alikuwa na mwanya, tafadhali niandikie, uipeleke barua kwa hao waliokichapa kitabu hiki, wao watanifikishia. Huna haja ya kusema mengi. Kama ni ndugu yake, na yeye hayupo, niandikie vilevile, uniambie aliishi mpaka lini. Usione haya ya mwandiko wala ya makosa. Hata barua yako ikinichukua siku mbili kwa kila ukurasa, nitaisoma mpaka mwisho.